Uliza Ticha: Nani Anakukaba Usiku, na Maswali Mengine ya Mwili

Maswali ya mwezi huu yamekuja mengi mpaka nimechagua kwa kuonea, walioachwa mnisamehe. Nyie mlioniuliza dawa ya nguvu za kiume nendeni hospitali, mi nafundisha baiolojia siandiki cheti cha dawa. Na yule aliyeuliza kama ni kweli kucha za marehemu zinaendelea kuota: hapana, ngozi inakauka inarudi nyuma ndo kucha zinaonekana zimerefuka. Haya tuendelee.

SWALI: Shikamoo ticha. Mi ni mlinzi wa usiku, nalala mchana. Karibu kila wiki nakabwa. Nafumbua macho naona chumba chote, naona pazia, nasikia mpaka redio ya jirani, ila siwezi kunyanyua hata kidole na kuna kitu kama kivuli kimenikalia kifuani, nataka kupiga kelele sauti haitoki. Mke wangu anasema ni mama mwenye nyumba, tuhame. Nishalipa kodi ya miezi sita. (Mlinzi, Nkuhungu)

TICHA: Marahaba. Usihame, na huyo mama mwenye nyumba muacheni apumzike maana hahusiki kabisa.

Hilo ni jinamizi, na anayekukaba ni ubongo wako mwenyewe. Iko hivi. Usingizi unaenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90 hivi, na ndani yake kuna kipande cha kuota ndoto ambapo macho yanakimbia huku na huku chini ya kope, muangalie mtoto aliyelala utayaona yanavyocheza. Kwenye kipande hicho unaota unakimbia, unapigana, unafunga goli, sasa kama misuli ingekuwa inatii kila ndoto si ungeamka umevunja kitanda? Kwahiyo shina la ubongo, huku chini karibu na kisogo, linazima karibu misuli yote ya mwili, linabakiza ya macho na kile kiwambo cha kupumulia. Na hii sio kwako tu, kila mtu mzima mwenye afya anapooza hivo mara kadhaa kila usiku, mi napooza, mwenye nyumba wako anapooza, mbunge wako anapooza, hatujui tu kwasababu tumelala. Wapo ambao mfumo huo umeharibika, hao ndo unasikia mzee kamtandika mkewe ngumi usiku akiota anafukuza ngedere shambani. Huo ni ugonjwa, unataka daktari, sio kikao cha ukoo.

Wewe shida yako ni muda. Akili imeamka mapema, mwili bado haujafunguliwa. Kifua kinakuwa kizito kwasababu misuli ya mbavu imelegea unapumua kwa kiwambo peke yake, ukijaribu kuvuta hewa kwa nguvu haiji, basi unahisi kabisa kuna mtu kakaa juu. Afu sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu iko macho inatafuta adui na ndoto nayo haijaisha vizuri, zinachanganyika, unaona kivuli, bibi kizee, mtu amesimama mlangoni. Kila watu wana jina lao kwa hii kitu. Wajapani wanaita kanashibari, kule Newfoundland Kanada wanasema ni ajuza anakuja kukukalia, na 1995 Zanzibar watu walikesha nje kwa makundi wakiogopa popobawa, wapo watafiti waliosema sehemu ya yale masimulizi ni jinamizi hilihili. Kwa mahesabu yao karibu watu 8 katika kila 100 imeshawapata angalau mara moja maishani, yani hauko peke yako hata kidogo.

Inawapata zaidi wanaolala kwa zamu, wasiolala wakashiba, na wanaolala chali. We unazo mbili tayari na nakuhisi ya tatu pia. Lala ubavu, tafuta pazia zito, jitahidi muda wa kulala uwe uleule hata siku ya ofu. Ikija usipambane na mwili mzima utaongeza hofu bure, chagua kidole kimoja cha mguu ujaribu kukitikisa hichohicho, pumua taratibu, itaachia yenyewe ndani ya sekunde kadhaa au dakika moja mbili. Ila kama mchana unasinzia ghafla katikati ya maongezi, au magoti yanalegea ukicheka sana, hiyo ni kesi nyingine, nenda ukaonwe.

SWALI: Ticha kwanini sauti yangu kwenye voisi inanikera vile? Nikijisikiliza naona kama kuna katoto kanaongea. Simu mbovu? (Dada wa saluni, Majengo)

TICHA: Simu nzima. Ukiongea, sauti yako inakufikia kwa njia mbili, moja kupitia hewani inaingia sikioni kama anavyosikia kila mtu, nyingine inapita kwenye mifupa ya fuvu lako moja kwa moja mpaka sikio la ndani. Mfupa unapitisha vizuri zile sauti za chini, nzito, ndo maana kichwani mwako unajisikia una besi. Simu inarekodi ya hewani tu. Habari mbaya ni kwamba hiyo ya kwenye voisi ndo wateja wako wanayoisikia miaka yote, na bado wanakuja kusuka, kwahiyo tulia.

SWALI: Mambo ticha. Nilipanda SGR kutoka Dar na mwanangu wa miezi minane, tumefika yale mahandaki ya Kilosa masikio yakaziba, mtoto akalia kama kachomwa. Abiria wakasema ni spidi ya treni, wengine wakasema mtoto kaona kitu handakini. (Mama Junior, Ihumwa)

TICHA: Poa mama Junior. Hakuona kitu, giza lile hata sisi hatuoni.

Kwanza Dar iko usawa wa bahari na Dodoma iko juu mita 1,100 na ushee. Kadri unavyopanda hewa inapungua mgandamizo, ukifika huku imepungua kama asilimia 12 hivi ukilinganisha na pale ulipopandia. Sasa nyuma ya ngoma ya sikio kuna kachumba kadogo kenye hewa, humo ndo kuna vile vifupa vitatu vinavyopokezana sauti, na cha mwisho ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, milimita 3 hivi, punje ya mchele ni kubwa kuliko hicho. Hewa ya kachumba hako inatoka na kuingia kwa mrija mwembamba unaoshukia nyuma ya pua, na mrija wenyewe muda mwingi umefungwa, unafunguka ukimeza au kupiga miayo. Treni inapanda, hewa ya nje inapungua, ya ndani bado ni ya Dar, inasukuma ngoma kwenda nje, masikio yanaziba. Halafu kwenye handaki treni inaingia kwa kasi inasukuma hewa iliyomo, mgandamizo unabadilika ghafla, hapo wale abiria wa spidi wana haki kidogo.

Watoto wadogo mirija yao ni myembamba na imelala, haina mteremko kama yetu, afu hawajui kumeza kwa makusudi. Mnyonyeshe au mpe chupa treni ikianza kupanda, kila akimeza mrija unafunguka. We mwenyewe tafuna karanga. Ikigoma, ziba pua, funga mdomo, sukuma hewa taratibu (taratibu nimesema) mpaka usikie inaachia, ni mbinu iliyobeba jina la tabibu Mwitaliano Antonio Valsalva aliyeiandika mwaka 1704, enzi hizo hata reli hakuna. Kama una mafua makali hiyo usiifanye, utasukuma makamasi kwenye sikio.

SWALI: Mwalimu hujambo. Mjukuu wangu ana wiki tatu, kwikwi haimuishi. Nimemuwekea uzi kwenye paji la uso kama tulivyolelewa wote, mama yake anautoa anasema ni ushamba. Tuamulie. (Bibi, Mpwapwa)

TICHA: Sijambo bibi, shikamoo. Hapa mniache salama na mkwe wako, ila nitasema ninachojua.

Kwikwi ni kile kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo kinajikunja chenyewe bila ruhusa, hewa inaingia kwa kishindo, na kabla haijafika mbali koromeo linafunga mlango, ile "hik" ndo mlango unavyojibamiza. Watoto wachanga wanayo sana na haiwaumizi, wengine wanaianza tumboni kabisa, muulize mkwe wako miezi ya mwisho kama hakuwa anahisi mtoto anaruka kwa mapigo, tik, tik, tik. Inaisha yenyewe. Kwahiyo ukiweka uzi inaisha, usipoweka inaisha, na sifa anapata uzi. Mi sioni ubaya wa uzi kwenye paji la uso ilimradi usimdondokee mdomoni akiwa amelala, hapo mama yake ana hoja. Jaribu kumcheulisha vizuri baada ya kunyonya, hiyo inasaidia zaidi.

Kwa sisi watu wazima, kubana pumzi kunasaidia kwasababu hewa chafu inaongezeka kwenye damu na inakituliza kiwambo. Ikipita siku mbili mfululizo haijakata ni hospitali, maana inaweza kuwa dalili ya jambo lingine. Na kuna mzee mmoja Mmarekani wa jimbo la Iowa, Charles Osborne, yake ilianza mwaka 1922 akiwa anapima uzito wa nguruwe kabla ya kumchinja, ikakata 1990. Miaka 68! Mwanzoni alikuwa anapiga kwikwi hadi 40 kwa dakika. Katikati ya hayo yote alioa mara mbili akapata watoto wanane. Akafariki 1991, mwaka mmoja tu baada ya kupumzika nayo, inasikitisha kidogo.

SWALI: Jicho la kushoto linacheza wiki ya pili. Nasikia la kushoto ni kilio la kulia ni mgeni. Nijiandae kwa msiba? (Wa bodaboda, Area D)

TICHA: Jiandae kulala. Msuli mdogo wa kope umechoka, uchovu, mawazo, kahawa, na hizo enaji drinki mnazokunywa kijiweni tatu kwa siku. Ikianza kuvuta na shavu au jicho likawa linajifunga lenyewe, daktari.

SWALI: Habari ticha. Mwanangu wa kwanza ana miezi mitano, amepata homa na kuharisha. Mama mkwe kamfunua mdomo kanionyesha kwenye fizi kuna vitu vyeupe vimevimba, anasema ni meno ya plastiki yasipotolewa mtoto atakufa, na kuna mama hapa anayatoa kwa elfu kumi. Nimeyaona kwa macho yangu ticha, yapo kweli. (Mama mpya, Kibaigwa)

TICHA: Salama mama. Umeyaona kweli, sibishi, ila sio plastiki na USIMPELEKE kwa huyo mama. Kama leo bado anaharisha acha kusoma mpeleke zahanati kwanza, haya mengine utayakuta.

Mtoto anazaliwa na meno tayari. Hayaonekani, yamefukiwa kwenye fizi, meno yote 20 ya utotoni yalianza kutengenezwa ukiwa na mimba changa ya kama wiki sita, muda ambao wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Na sio hayo tu, mpaka magego ya kwanza ya ukubwani nayo yanaanza kujitengeneza kabla hajazaliwa. Ukimfunua mdomo mtoto wa miezi mitano unakuta fizi imevimba na kupauka sehemu nne, juu kulia, juu kushoto, chini kulia na chini kushoto. Hizo ni chonge zake zimekaa zinasubiri, chonge zinachelewa, zinakuja kutoka mtoto akiwa na mwaka mmoja na miezi minne na kuendelea. Ukikata ukalitoa jino hilo sasa hivi linakuwa laini, jeupe, halijakomaa madini yake, ukilishika unaona kama plastiki kweli. Yani huyo mama hadanganyi anachokishika, anatoa meno mabichi ya mtoto.

Anatumia nini kuyatoa? Mara spoku ya baiskeli, mara wembe, mara ukucha. Damu inatoka nyingi kwa mwili mdogo namna ile, vidonda vinaoza, pepopunda, na kama wembe umetoka kwa mtoto mwingine hujui umebeba nini. Wapo watoto waliokufa, hilo limeandikwa na madaktari wa hapahapa Tanzania tangu miaka ya 80. Anayepona anaweza asiote chonge, na jino la ukubwani lililokuwa limekaa jirani linatoka limeharibika au halitoki kabisa.

Homa na kuharisha kwenye umri huu vipo, na vinakuja muda uleule fizi zinapovimba ndo maana watu wameunganisha. Kinga aliyoitoa kwako akiwa tumboni inaanza kuisha, kila anachoshika anatia mdomoni, na wengi ndo wanaanzishiwa uji. Anachohitaji ni maji ya ORS, zinki, aendelee kunyonya, na kupimwa malaria kama ana homa. Macho yakiingia ndani au akigoma kunyonya hiyo ni dharura.

Mama mkwe usigombane naye, yeye naye aliambiwa na wakwe zake. Nenda naye zahanati, nesi ndo amwambie, akisikia kwa nesi inaingia kuliko kwako. Na akihamia kwenye kimeo, maana hayo mambo huwa yanafuatana, jibu ni lilelile. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo mtoto akikohoa watu wanakimbilia kukikata. Kikohozi kinatoka kifuani au kwenye mafua, kimeo kinaonekana kirefu kwasababu koo lote limevimba. Kile kinasaidia kuziba njia ya pua ukimeza na kinatoa mate mepesi ya kulainisha koo. Kikae.

SWALI: Ticha mi ni wa Singida, meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Nimehamia Dodoma kikazi kila mtu anadhani navuta sigara au sipigi mswaki. Nimesugua mpaka na mkaa. Kuna msichana ofisini nashindwa hata kumchekea. (Kijana, Chang'ombe)

TICHA: Acha mkaa kabla haujamaliza meno yenyewe. Rangi hiyo haipo juu ya jino, imo ndani.

Gamba la nje la jino ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, linaushinda mfupa, asilimia 96 hivi ni madini matupu. Cha ajabu seli zinazolijenga zinakufa zote jino likishatoka, ndo maana mfupa ukivunjika unaunga na ngozi ikichanika inafunga lakini jino likimeguka limemeguka, mafundi walishaondoka. Sasa mafundi hao wakati wanajenga, kuanzia mtoto mchanga mpaka kama miaka minane, wakipewa maji yenye floraidi nyingi wanajenga vibaya, jino linatoka na mabaka, kwanza meupe kama chaki, baadae yanashika kahawia. Maji ya visima vingi kwenye ukanda wetu wa bonde la ufa, Singida, Manyara, Arusha, yanapita kwenye miamba yenye floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vipo visima vinavyopita hapo mbali. Kwahiyo swali la kuulizwa sio unapiga mswaki au hupigi, ni ulikunywa kisima gani ukiwa darasa la kwanza.

Mwaka 1901 daktari wa meno kijana Frederick McKay alihamia Colorado Springs Marekani akakuta wenyeji wana meno ya kahawia hivohivo, na hakuna aliyejua sababu, wengine wakisema ni kula nguruwe sana. Akahangaika nalo miaka 30. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill ndo akapima maji akakuta floraidi. Ila McKay alikuwa ameshagundua jambo jingine, hao wenye meno ya kahawia walikuwa hawaozi meno kama wenzao. Kutokea hapo ndo ikajulikana floraidi kidogo inalinda jino, nyingi inaliharibu, na ndo hiyohiyo ipo kwenye dawa yako ya mswaki.

Mwenye watoto huko Singida anisikilize: kuchemsha maji hakutoi floraidi, maji yakipungua kwenye sufuria ndo inakolea. Maji ya mvua yana kidogo sana, kingeni. Na magadi. Najua nikigusa mlenda hapa Dodoma naweza kuhamishwa kituo, lakini magadi mengi yana floraidi, basi kwa watoto wa chini ya miaka minane weka kidogo au acha kabisa.

Wewe kijana nenda kliniki ya meno, zipo njia za kung'arisha au kufunika meno ya mbele, bei uliza kwanza. Na huyo msichana mchekee tu.

SWALI: Nimepigwa eksirei ya kifua, fundi wa eksirei akaita wenzake waje kuangalia, wakaniambia moyo wangu uko kulia. Nina miaka 41 sijawahi kuumwa cha maana. Nitakufa? (Fundi seremala, Kikuyu)

TICHA: Utakufa kama sisi, sio kwa hilo. Kwanza hakikisha picha haikugeuzwa, kwenye kona ya filamu kuna herufi ndogo L au R ya kuonyesha upande, waambie wakuonyeshe. Kama iko sawa basi omba wakupige na ultrasaundi ya tumbo waone ini liko wapi. Kuna watu kama mmoja katika kila 10,000 ambao kila kitu cha ndani kimegeuka, moyo kulia, ini kushoto, bandama kulia, na vinafanya kazi vizuri kwasababu vyote vimegeuka pamoja. Kama ni moyo peke yake uliohama na vingine viko mahali pake, waupime zaidi, hapo mara nyingi kuna hitilafu.

Inatokeaje ndo mi huwa inanimaliza. Ukiwa tumboni wiki za mwanzo kabisa, huna moyo huna chochote, kuna sehemu yenye vinyweleo vidogo havionekani kwa macho, vinazunguka vyote upande mmoja vinasukuma maji kwenda kushoto. Mwili unatumia mkondo huo kujua kushoto ni wapi. Vinyweleo visipozunguka, mwili unabahatisha tu, nusu kwa nusu. Na vinyweleo vya aina hiyohiyo ndo vinasafisha kifua na pua, kwahiyo wengine wa hali hii wanasumbuliwa na kikohozi na mafua yasiyoisha tangu utotoni na wanaume wengine wanapata shida ya uzazi. We hujasema chochote, shukuru.

Unachotakiwa ni kimoja, kila daktari umwambie kabla hajakugusa, na ukae na karatasi kwenye pochi. Kidole tumbo chako kikiumwa kitauma kushoto, na ile mashine ya kupima moyo wakibandika waya kama kawaida itasoma maajabu.

SWALI: Ticha nimetoka Tanga nasoma UDOM, tangu mwezi wa saba natokwa damu puani asubuhi. Tanga sikuwahi. (Mwaka wa kwanza)

TICHA: Karibu Dodoma. Upepo huu na ukavu huu, lipsi zimepasuka, visigino vimepasuka, pua nayo ina mishipa midogo mingi hapo mbele kwenye ukuta wa katikati, ikikauka inachanika. Pua inafanya kazi kubwa, kila pumzi inaipasha moto na kuilowanisha kabla haijafika mapafuni, na tundu mbili zinapokezana, moja inafanya kazi zaidi nyingine inapumzika kwa masaa kadhaa, jaribu kuziba moja moja sasa hivi utaona. Huku inalowanisha hewa kavu kuliko ya Tanga. Paka mafuta ya mgando kidogo ndani ya pua usiku na acha kuchokonoa, najua unachokonoa. Ikitoka usiangalie juu wala usilaze kichwa nyuma, utaimeza utapike, inama mbele, bana ile sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuchungulia. Ikifika nusu saa haijakata, hospitali.

SWALI: Mi nataka kwenda usaili wa jeshi. Nimejipima nyumbani asubuhi nikafika kimo, jioni nimepungua karibu sentimita nzima. Utepe mbovu au mi? (Anayetafuta ajira, Kondoa)

TICHA: Vyote vizima. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vyenye maji, ukisimama mchana kutwa vinakandamizwa vinapoteza maji, ukilala vinayanyonya tena. Tofauti ya sentimita moja ni kawaida kabisa, na sehemu kubwa inapotea masaa machache ya kwanza baada ya kuamka. Wanaanga kule juu ambako hakuna uzito wanarefuka mpaka sentimita 5 wakirudi zinaisha. Kwahiyo kalale karibu na wanapopimia, wahi namba za mwanzo, na kwenye foleni begi weka chini.